Kilichokuwa Nyuma ya Fremu za Chausiku

Chausiku alizaliwa na jicho. Ulimi hakuwa nao sana, na mtu asiyemjua angeweza kukaa naye asubuhi nzima akaondoka akidhani amekaa na mama mpole asiye na habari na mtu. Kumbe mama huyo ameshaona jinsi mgeni wake anavyojikohoza kabla ya kusema uongo, anavyoburuta mguu wa kushoto, na anavyobana pumzi ili tumbo lionekane dogo.

Kwao ni Kinole, huko juu Uluguru, penye machungwa na mdalasini na njia zinazompandisha mtu mpaka akasahau alikuwa anakwenda wapi. Alipokuwa binti wa darasa la tatu alichukua kipande cha mkaa akachora, kwenye ukuta mpya wa nyumba ya mjomba wake, picha ya mjomba huyohuyo akikimbizwa na jogoo. Kwa Waluguru mjomba si mtu wa kuchezewa. Ndiye mwenye ukoo, ndiye mwenye neno. Mama yake Chausiku alimchapa palepale, kisha wote wawili wakangoja mjomba arudi kutoka shambani. Mjomba akaja, akatua jembe, akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Jogoo umempatia," akasema. Kisha akaagiza ukuta ukandikwe upya.

Aliolewa mjini Morogoro na Twalibu, fundi wa fremu za picha mwenye kibanda karibu na soko. Twalibu alikuwa fundi hasa. Kona zake zilikutana bila kuacha nafasi ya kupitisha hata unywele. Alimfundisha mkewe kukata mbao, kukata kioo, kupiga misumari midogo bila kupasua kitu, na kufunga nyuma ya fremu kwa karatasi ya kaki ili vumbi na mende wasiingie. Simu za kamera zilipoenea, Twalibu alisema biashara ya picha imekufa. Akahamia Ngerengere na mke mdogo kuuza supu ya ng'ombe, akamwachia Chausiku kibanda, msumeno, mtoto wao Ahmadi, na talaka. Biashara haikufa. Watu walizidi kupiga picha, wakazidi kujipenda, na kila mahafali na kila harusi ilimletea Chausiku kazi. Ahmadi akasoma, akakua, akaenda Dar kuendesha malori. Mjini mama yake akabaki akijulikana kama Mama Ahmadi wa fremu.

Sasa, ile karatasi ya kaki. Ni kubwa, ni safi, na hakuna anayeitazama, maana inaelekea ukutani. Chausiku alivumilia mwaka mmoja tu. Siku moja bwana harusi mmoja alikuja kuchukua picha yake. Kwa urefu mkewe alimzidi kichwa kizima, lakini pichani walikuwa sawasawa. Chausiku alimtazama miguuni, akaelewa kuwa siku ile aliwekewa kitu akanyage. Kabla ya kumfungia fremu yake alichukua penseli ya useremala, na nyuma, kwenye kaki, akamchora bwana yule amesimama juu ya matofali, kakunja vidole vya miguu kama kuku kwenye kamba, huku bibi harusi akimshika ukosi asianguke.

Baada ya hapo hakuweza kuacha. Kila aliyeleta picha ya mbele aliondoka na picha ya nyuma bila kujua. Na ili wasijue, Chausiku aliifunga kila fremu kwa magazeti, akaipeleka nyumbani kwa mteja na nyundo yake mkononi, akaitundika mwenyewe, bure. Watu walimsifu kwa ukarimu wake. Waliohama nyumba waliona michoro ile wakadhani ni utundu wa watoto wao. Kuna watoto kadhaa wa mtaa wa Kichangani waliochapwa kwa makosa ya Chausiku, na jambo hilo lilimsumbua kidogo, ila si kiasi cha kumfanya aache.

Basi ndivyo alivyokuwa akiishi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, hadi siku Bartholomeo aliposimamisha gari mbele ya kibanda na kushusha bahasha kubwa ya ngozi.

Bartholomeo alikuwa mfanyabiashara wa mazao, mtu wa Songea, mwenye tumbo la kuheshimika na sauti ya kutangulia mlangoni. Alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya wageni ya ghorofa tatu kule Kihonda, na ndani yake ukumbi wa mapokezi wenye taa zinazoning'inia kama zabibu.

"Mama, shikilia vizuri," alisema. "Kuna mzee wa Kizungu alikuwa anaishi kwenye shamba la mkonge, amerudi kwao, vitu vyake vikapigwa mnada. Mimi nikachukua hizi. Picha za watu wakubwa wa Uingereza, za zamani sana. Ukoo wa kifalme, nadhani."

"Wewe umeziangalia, bosi?"

"Nimeona mawigi, nimeona farasi, nimeona vitambaa vya hariri. Inatosha. Nataka fremu nene, rangi ya dhahabu. Mgeni akiingia pale ajue ameingia mahali."

Akaondoka. Chausiku akasafisha meza, akanawa mikono, akafungua bahasha.

Picha zilikuwa nane, za rangi, kwenye karatasi iliyogeuka manjano. Kweli mawigi yalikuwepo. Wigi la kwanza lilikuwa linaungua kwa mshumaa na mwenyewe bado anaendelea kutoa hotuba. Picha ya pili ilimwonyesha binti akipiga kinanda na kuimba, mama yake akifuta machozi ya furaha, na wageni wakijiziba masikio kwa vipande vya mkate. Ya tatu ilikuwa ya mganga wa meno aliyemkanyaga mgonjwa kifuani, ameinua jino juu kwa ushindi, huku mgonjwa akimwonyesha kwa kidole kuwa jino bovu bado limo. Katika nyingine kamati nzima ilikuwa imelala mezani, na aliyekalia kiti cha mwenyekiti akiwa macho ni mbwa. Halafu kulikuwa na mama mnene anayevalishwa mkanda wa kubana kiuno. Wajakazi wawili walikuwa wakivuta kamba kama watu wanaovuta gari lililokwama topeni, wa tatu kamwekea goti mgongoni, na paka alikuwa akikimbilia chini ya kitanda kuokoa maisha yake.

Chausiku alianza kucheka taratibu. Mwisho ilimbidi akae chini, kwenye maranda ya mbao, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Hivyo ndivyo Mwalimu Modesta alivyomkuta. Modesta alikuwa amestaafu kufundisha Kiingereza, na kila alasiri alipita kibandani kunywa chai ya tangawizi na kulalamikia dunia. Alivaa miwani, akainamia maandishi yaliyopinda chini ya picha.

"Hii imeandikwa mwaka 1819," akasema. "Hii 1812. Mama Ahmadi, hizi ni vibonzo! Vibonzo vya Waingereza vya miaka mia mbili iliyopita. Nilisoma habari zake chuoni. Walikuwa wanachora juu ya bamba la shaba, wanachapa, halafu watu wanakaa kwenye meza kupaka rangi kwa mkono, karatasi moja moja. Kisha zinawekwa kwenye dirisha la duka, na London nzima inajazana barabarani kuona leo kachekwa nani."

"Dirishani?"

"Dirishani. Matajiri kwa maskini, wamebanana pale."

Chausiku aliivuta karibu picha ya mganga wa meno. Alitazama tena kidole cha yule mgonjwa wa meno, kilivyopinda kwa uchungu. Mtu aliyekichora alikuwa na jicho. Alikuwa na ugonjwa uleule, huko Ulaya, kabla ya bibi yake Chausiku kuzaliwa, na wala hakuuficha ukutani.

"Na hawakupigwa?" akauliza.

"Nadhani wengine walishtakiwa. Lakini watu walinunua."

"Waliweka mbele," alisema Chausiku, kama anayejisemea mwenyewe. Modesta hakuelewa, akaomba sukari.

Kazi ilianza. Chausiku alitengeneza fremu nane nene za dhahabu, akaweka vioo, kisha akazipanga dirishani zikiangalia barabara ili gundi ikauke kwa jua. Gundi inahitaji jua, hilo halina ubishi. Lakini angeweza kuzipanga zikiangalia ndani.

Kufika saa nne bodaboda watatu walikuwa wamesimama hapo. Saa tano walikuwepo akina mama wa mchicha, wachonga funguo, na mtu mmoja aliyekuwa akisindikizwa hospitali akasahau alikuwa anaumwa wapi. Wala hawakuuliza hawa ni Wazungu wa wapi. Walianza tu kuwatambua.

"Oneni mwimbaji! Si ni binti wa kule kwenye kwaya yetu?"

"Na huyu mama yake anavyolia. Yeye kabisa!"

"Huyu wa wigi ni yule mshereheshaji. Alivyo, hata akiungua haachi kipaza sauti."

Hapo ndipo mtu mmoja, hajulikani nani hadi leo, alipotazama picha ya mama anayebanwa kiuno, kisha akageuza shingo na kutazama ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na saluni ya Filomena. Filomena alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mama wa Rahel, mwanamke mwenye nguvu na sauti, na kazi yake ilikuwa kukodisha magauni ya harusi. Alikuwa na magauni kumi na mawili na hakuwahi kukubali kuwa kuna mwili usioingia ndani ya mojawapo. Mabibi harusi wa Morogoro walimjua kwa goti lake. Na yeye mwenyewe hakutoka nyumbani bila mkanda wa kubana tumbo, hata kwenda gengeni.

Kicheko kikavuka barabara. Filomena akakifuata kilikotoka.

"Mama Ahmadi, toka nje!"

"Karibu, Mama Rahel."

"Sikaribii. Huyo dirishani ni nani?"

"Ni Mwingereza. Alishakufa zamani."

"Amekufa na kiuno changu?"

Watu wakapiga vigelegele. Filomena akawageukia, wakanyamaza, akamrudia Chausiku. "Miaka yote tunaazimana chumvi. Kumbe unakaa humo ndani unanichungulia, unanichora, unanitia rangi, unaniwekea na dhahabu pembeni ili nionekane vizuri!"

"Wallahi si mimi niliyechora, Mama Rahel. Ingekuwa mimi ningekwambia."

Alipotamka hivyo alihisi masikio yake yanawaka, maana picha ya ufunguzi wa saluni ya Filomena ilikuwa ikining'inia ng'ambo pale kwa muda mrefu, na nyuma yake kulikuwa na mambo.

Aliitwa mwenyekiti wa mtaa, Nasibu, mtu mwenye kipara kinachong'aa na subira ya kazi. Alifika, akapewa kiti, akaomba Mwalimu Modesta aitwe asome. Modesta akasoma mwaka kwa sauti: elfu moja mia nane kumi na tisa.

"Umesikia, mama?" Nasibu alimwambia Filomena. "Wakati huo wewe hujazaliwa. Hata saluni haijazaliwa."

"Hata kama!" alisema Filomena. "Aliyechora alijua nitakuja."

Nasibu alikuwa karibu kufunga shauri kwa faida ya Chausiku, ila macho yake yakahamia fremu ya pembeni, ile ya kamati. Akasogea karibu.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya 1815, mwenyekiti," alijibu Modesta.

"Mbona huyu aliyelala katikati ana kipara?"

"Vipara vilikuwepo."

"Na kiti changu kakalia mbwa?"

Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nasibu akasimama, akarekebisha koti, akatoa uamuzi kwamba kwa ajili ya amani ya mtaa Wazungu wote waondolewe dirishani na waingizwe ndani mara moja. Filomena akarudi kwake akitembea wima kuliko kawaida, bila kugeuka nyuma.

Chausiku alifunga mlango. Fremu nane zilikuwa mezani, migongo yake ikisubiri karatasi. Alikata kaki, akaigandisha, akakaa akiitazama. Siku nyingine angechora mchoro mmoja, haraka haraka, kama mtu anayeiba embe. Alasiri hii alichonga penseli mpya. Aliwatazama Waingereza jinsi walivyojaza kona zote za karatasi, jinsi hata paka alivyopewa kazi, akaanza.

Nyuma ya mama wa kiuno alimchora Filomena na goti lake, bibi harusi kashikilia nguzo ya mlango, vifungo vinaruka kama bisi na kumpiga mpiga picha jichoni. Nyuma ya kamati alimchora Nasibu akisinzia kwenye mkutano wa taka, na taka zenyewe zimenyoosha mkono kuomba nafasi ya kuchangia. Nyuma ya mganga wa meno aliiweka stendi ya Msamvu, msafiri mmoja amegawanywa na wapiga debe, mguu unakwenda Dodoma, mguu unakwenda Iringa, na kichwa kinauliza choo kiko wapi. Alichora na akina mama wa sare kwenye sherehe ya kumfunda bibi harusi, wamebanwa na kitambaa kimoja mpaka hakuna anayeweza kukaa. Kulikuwa na picha moja ya Waingereza ya tajiri mwenye nyumba mpya akiwaonyesha wageni dari, wageni wamekwama kwenye ngazi nyembamba wakicheka nyuma ya vipepeo vyao vya mkononi. Nyuma ya hiyo alimchora Bartholomeo. Alimpa ghorofa tatu na tumbo la nne.

Bartholomeo alipokuja kuzichukua, Chausiku alijaribu kumwambia ukweli, walau wa upande mmoja.

"Bosi, hawa watu wa kwenye picha wanachekwa."

"Nani amcheke mtu mwenye kofia kama ile?"

"Mwalimu Modesta amesoma..."

"Mama, wewe tundika. Na Jumamosi uje kwenye ufunguzi kama mgeni."

Akatundika. Ukutani, juu ya viti vya bluu, zilipendeza sana. Migongo ikatulia kwenye saruji, na Chausiku akarudi mjini na nyundo yake akijisikia mwepesi.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa maua ya plastiki na harufu ya pilau. Mgeni rasmi alikuwa Mama Cecilia, balozi mstaafu, aliyewahi kuishi London miaka mingi. Bartholomeo alitaka kumfurahisha, akamwomba Mwalimu Modesta aandike vibao vidogo vya Kiswahili vya kuweka chini ya kila picha. Na kwa kuwa ni mtu wa dakika za mwisho, alimwomba wakati magari ya wageni yakiwa tayari yanapinda kona.

"Hii inasemaje?" aliuliza akiwa mbele ya picha ya mwenye nyumba mpya.

Modesta alisita. "Niseme ilivyo?"

"Sema ilivyo."

"'Tajiri mpya akiwaonyesha wageni nyumba yake na ujinga wake.'"

Bartholomeo alitazama kwa mara ya kwanza tangu azinunue. Alitazama tumbo, dari na wageni wale wanaocheka. Akaenda picha ya pili, ya tatu, akaona wigi linaungua. Jasho likamtoka.

"Toeni!" aliwaambia wahudumu. Lakini misumari iliyobaki wazi ukutani ingefanya ukumbi uonekane kama nyumba iliyoibiwa, na nje honi ilikuwa imeshalia. "Hapana, msitoe! Zigeuzeni! Zigeuzeni zote ziangalie ukuta, tutasema ni mtindo!"

Chausiku alikuwa amesimama karibu na meza ya soda. Aliona mhudumu wa kwanza akiinua fremu. Akaikamata chupa ya soda mezani. Fremu nane zikageuka moja baada ya nyingine kama watu walioitwa majina. Mambo aliyoyaficha maisha yake yote yakasimama ukutani chini ya taa za zabibu, na Mama Cecilia akaingia mlangoni.

Balozi alikuwa mtu wa makamo ya juu, mrefu, mwenye fimbo. Alisalimia, akapokea shikamoo zake, kisha akaona ukuta. Akasogea kwenye ile ya Msamvu. Bartholomeo, ambaye mpaka wakati huo alidhani ukutani kuna kaki tupu, alifuata macho ya mgeni wake, na rangi yake ikabadilika mara mbili.

Kilichosikika kwanza ni fimbo. Balozi alikuwa anaigonga sakafuni kwa kucheka.

"Mguu Dodoma, mguu Iringa!" alisema. "Mimi hii imenitokea mwaka jana!" Akaenda kwenye mchoro wa Filomena, akaenda kwa wa Nasibu, akafika kwa ule wa Bartholomeo na ghorofa yake ya nne, akamgeukia mwenyeji. "Bwana Bartholomeo, picha za namna hii nilikuwa naziona London kwenye majumba ya makumbusho. Ila wale nilikuwa siwajui. Hawa nawajua. Nani amezichora?"

Bartholomeo alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara haachi bei ikapanda bila yeye. "Nilimwagiza mwenyewe," alisema, akijifuta uso. "Nilimwambia asinionee huruma hata mimi. Ni yule mama pale."

Ukumbi mzima ukamgeukia Chausiku, na yeye akawa ameshika chupa ya soda kwa mikono miwili kama mtoto aliyekutwa jikoni.

Katikati ya watu alikuwepo Filomena, aliyekuja kwa sababu pilau ni pilau hata ukigombana na jirani. Alipita mbele ya wote akasimama mbele ya mchoro wake. Akalitazama goti kwanza. Akatazama vifungo vinavyoruka. Nasibu, pembeni, alijitayarisha kuamua shauri lingine, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bado anajitafuta kwenye mkutano wa taka.

"Huyu sasa ni mimi," alisema Filomena taratibu. "Yule Mzungu hakunipata. Kiuno alikikosea." Akamgeukia Chausiku, macho yakiwa makali bado. "Mluguru wewe, una bahati sisi ni watani. Ungekuwa kabila lingine ungelala polisi. Kesho unanichorea kama hii, kubwa, niiweke saluni. Na huyu bibi harusi mpunguze mwili, watu wasije wakadhani magauni yangu ni madogo."

Ingekuwa vizuri kusema kila mtu alifurahi. Lakini watu wa Morogoro si wajinga. Waliokuwepo ukumbini waliona kaki ile, wakaona mkono ule, wakakumbuka ni nani aliyewatundikia picha sebuleni, bure. Jumapili asubuhi mji mzima ulikuwa juu ya stuli. Picha za harusi zilishushwa, picha za mahafali, za mahujaji, za kipaimara. Kwaya moja iligundua kwamba nyuma ya picha yao ya pamoja waimbaji wote wanatazama sufuria. Kuna familia zilicheka hadi chai ikapoa. Kuna mtu na mkewe hawakusemeshana hadi Jumatano. Na watoto wa Kichangani, ambao sasa wengine walikuwa na ndevu, walidai kuombwa radhi.

Yule bwana harusi wa matofali alikuja kibandani na fremu yake, akaitupa chini mbele ya watu, kioo kikasambaa. "Miaka yote hii umelala ukutani kwangu ukinicheka," alisema, akaenda zake. Chausiku alifagia vioo peke yake. Hilo lilimwingia. Aliwaza kwamba Waingereza wale angalau waliwacheka watu mbele ya macho yao, na mtu akaweza kujibu. Yeye aliwacheka kwa nyuma. Akafunga safari hadi kwa bwana yule, akamkuta barazani na mkewe, akaomba radhi. Mkewe, mrefu vilevile, akasema, "Mama, mimi ile picha ndiyo niliyoipenda. Pale pekee ndipo panapoonekana nilivyomshika." Bwana akasema aletewe kioo kipya, lakini picha ataitundika mwenyewe.

Mzee Mansuri, aliyestaafu reli, naye alikuja na picha aliyopiga na marehemu mkewe. Nyuma, Chausiku alikuwa amemchora yule mama akimgeuza mumewe kidevu aangalie kamera, na wote wawili wameshindwa kujizuia kucheka. Mzee aliketi, akakaa na fremu magotini.

"Mbele tumenuna kama tuko mahakamani," alisema. "Hakuwa hivyo. Alikuwa hivi. Niwekee kioo pande zote mbili."

Chausiku aliweka, na hakukubali malipo.

Tangu hapo Chausiku anachora mbele. Watu wanakuja kuchorwa harusi zao, vikao vyao, foleni zao za zahanati, na anawaambia kabisa: sitakupamba. Baadhi ya wateja wa zamani hawakurudi, wengi wapya wamekuja. Bartholomeo amezibandua kaki kwenye fremu, ameweka Waingereza ghorofa ya kwanza na Wamorogoro mapokezi, na kila mgeni anamwelezea jinsi alivyolipata wazo.

Kati ya waliobaki, mwenye kinyongo alikuwa mmoja tu, na alikaa nacho mwezi mzima kabla ya kukitoa. Alasiri moja Mwalimu Modesta alikunywa chai yake bila kulalamikia dunia, jambo ambalo si la kawaida. Chausiku akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Nimeshusha fremu zangu zote," alisema Modesta. "Tatu. Nyuma ni kaki tupu. Nimekwenda Kihonda, nimetafuta kwenye picha zote nane, hata kwenye umati. Simo. Mji mzima una vituko, mimi sina?"

"Mwalimu, wewe rafiki yangu. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kwamba kwangu huoni kitu?" Alikoroga kikombe kitupu, na Chausiku akaona kwamba mwanamke huyu, aliyewasomea watu wote vichekesho vya watu wengine, ameumia kweli.

Alichonga penseli. Alitandika karatasi nyeupe mezani, akasukuma kikombe pembeni. Modesta haraka akavua miwani, akanyoosha ukosi, akainua kidevu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Rudisha miwani," alisema Chausiku. "Na usikae vizuri. Endelea kuniambia ilikuwaje uliponyimwa chenji yako pale buchani."

Modesta akapumua. "Yule mtu!" akaanza, na mkono wake ukapaa juu, na kijiko cha sukari ndani yake.

"Hapohapo," alisema Chausiku.